Jogoo kwa Ajili ya Cheti

Uji uliungua kwa sababu Ziada alikuwa anasoma. Aliusoma ule ujumbe akiwa amechuchumaa jikoni, akausoma tena akiwa amesimama, kisha akatoka nao uani, kana kwamba mwanga wa nje ungeweza kuyabadilisha maneno. Hayakubadilika.

"Ndugu mwanafunzi, ushiriki wako umesimamishwa kwa kutumia lugha ya kudhalilisha kabila la mwanafunzi mwenzako. Cheti chako hakitatolewa mpaka shauri hili lifungwe."

"Baba Zuhra!" aliita. "Hebu njoo unisomee hapa. Labda mimi siku hizi sijui kusoma."

Sultani alikuwa nyuma ya nyumba anakaza mnyororo wa pikipiki yake ya bodaboda. Alikuja akijifuta oili kwenye suruali, akashika simu kwa ncha za vidole, akasoma polepole huku midomo ikicheza.

"Umemtukana nani?"

"Sijamtukana mtu."

"Hapa wanasema kabila."

"Ni Apolinari. Yule Mmakua wa Lukuledi niliyekwambia, tunayesoma naye."

Sultani aliangua kicheko kilichowafanya kuku watawanyike. "Mmakua? Sasa wewe Mmakonde utamtukanaje Mmakua? Si ndiyo salamu yenyewe hiyo!"

"Usicheke, Baba Zuhra. Keshokutwa Ijumaa."

Akaacha kucheka. Ijumaa waliijua wote mle ndani, hata Zuhra aliyekuwa hajaanza kutamka maneno vizuri. Mwalimu Happiness, mwenye shule ya chekechea pale Newala mjini, alikuwa amesema wazi: Ziada alete cheti Ijumaa, akabidhiwe darasa la watoto wadogo na aitwe mwalimu. Asipoleta, kuna binti kutoka Mtwara cheti chake kimeshafika, na Ziada ataendelea na kazi yake ya kupangusa makamasi na kudeki.

Harufu ya uji ulioungua ikawafuata uani. Mama mkwe, Bibi Mwanaheri, akachungulia kutoka chumbani kwake. "Leo tunakula simu?" akauliza.

*

Kozi yenyewe, ya ualimu wa chekechea, ilikuwa ya bure, ya wazi kwa yeyote mwenye simu, na ilifundishwa kwa Kiswahili. Hapakuwa na mwalimu wa kusimama mbele. Kulikuwa na masomo ya kupakua na kusikiliza, halafu wanafunzi wakagawanywa katika vikundi vilivyoitwa duara. Kila mmoja alitakiwa kuweka kazi yake mbele ya wenzake, na wenzake ndio waliosahihisha. Mwanzoni Ziada aliona hayo ni maajabu. Yeye aliyemalizia sekondari kwa masomo ya jioni, mtoto mgongoni, ni nani amsahihishe mtu? Lakini alipozoea alinogewa. Katika duara lake alikuwamo mama mmoja wa Bukavu, Nsimire, aliyewafundisha namna ya kumtuliza mtoto anayelia: unamfumba kiganja, unakifungua kidole kimoja kimoja, na kila kidole anavuta pumzi. Ziada aliijaribu mbinu ile kwa mtoto aliyekuwa akilia kila asubuhi getini, na kilio kikakoma. Hata Mwalimu Happiness alikuja kuuliza ni dawa gani.

Na alikuwamo Apolinari Nikolao, mtu mzima wa Lukuledi, aliyekuwa akikusanya watoto barazani kwake wakati mama zao wako shambani wanaokota korosho. Siku alipojitambulisha kuwa ni Mmakua, Ziada aliruka kwa furaha kama aliyekutana na ndugu ughaibuni. Mtani! Ndani ya kozi!

Kwa hiyo Apolinari alipoweka somo lake la kuwafundisha watoto kuhesabu kwa korosho, Ziada alilisahihisha kwa moyo wote. Alisifu mpangilio, akashauri makundi yawe madogo, halafu akamalizia: "Tatizo ni mwalimu. Mmakua akikabidhiwa korosho na watoto, jioni watoto watapungua au korosho zitapungua. Mpeni mawe."

Apolinari akajibu kuwa hawezi kusahihishwa na mtu wa Newala, mahali ambapo maji ni ya shida mpaka ya kuoga yanafungiwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Na Ziada, akicheka peke yake gizani mpaka Zuhra akaamka, akaandika: "Nyamaza, mtumwa wangu. Hayo maji mababu zako ndio waliokuwa wakitubebea."

Ndilo hilo. Neno ambalo watani wanarushiana kwenye harusi na misiba tangu hawajazaliwa, limepita kwenye waya, limefika mbali, limesomwa.

*

Mtandao ulikuwa mzuri zaidi barazani kwa Mwalimu Happiness, na ndipo Ziada alipoipigia namba ya msimamizi wa kozi. Alijikunyata pembeni kwenye ukuta uliochorwa herufi, lakini baraza ni baraza. Mwalimu Happiness, aliyekuja Newala kutoka Mbeya akimfuata mumewe wa halmashauri, alikuwa mezani anakagua madaftari, na kalamu yake ilisimama mara tu aliposikia neno "kabila."

Msimamizi aliitwa Careen. Sauti yake ilikuwa ya mtu mpole aliyechoka.

"Dada yangu, mimi ni Msukuma nimeolewa na Mzaramo," alisema. "Siku ya harusi yangu wifi zangu walinifichia viatu mpaka nikaingia ukumbini peku. Utani unanieleza mimi?"

"Basi si unifungulie!"

"Mfumo haujui utani. Mtu amelalamika, mfumo umefunga. Kisha tukamwandikia huyo mzee mwenyewe tumuulize kama ameumia."

"Eeh! Na amesema nini?"

Karatasi zilisikika, au labda ni upepo. "Ameandika hivi: 'Nimeumia vibaya sana. Sili, silali. Mwambieni aniletee jogoo, tena mwekundu, ndipo roho yangu itatulia.'"

Ziada alifumba macho. "Dada Careen, huo nao ni utani."

"Najua, dada. Lakini yameingia kama maelezo ya aliyetukanwa. Palipoandikwa fidia imebidi nijaze: jogoo mmoja."

Alipokata simu, Mwalimu Happiness alikuwa ameshavua miwani.

"Lugha ya chuki, Mama Zuhra?"

"Hapana, Mwalimu. Ni utani. Sisi na Wamakua..."

"Hata kwetu upo. Lakini mzazi akisikia mwalimu wa mwanawe amefungiwa kwa kutukana makabila, nitakaa nimweleze historia ya watani mmoja mmoja?" Akavaa miwani. "Ijumaa, mama. Na kile choo cha watoto bado hakijadekiwa."

Ziada alichukua ndoo. Alipoiweka chini ya bomba alimpigia Apolinari, na yule mzee alipokea kwa kicheko.

"Mmakonde umesikia habari?"

"Mzee Apolinari, wamenizuilia cheti! Waandikie kuwa tunataniana, nakuomba!"

"Na wakizuie! Mmakonde na cheti wapi na wapi? Jogoo kwanza!"

"Mzee, sikiliza, si mchezo..."

"Mwekundu!"

Na simu ikakatika. Alipopiga tena haikupatikana. Alipiga mpaka ndoo ikafurika ikamlowesha miguu.

*

Jogoo mwekundu alikuwepo mmoja tu, na alikuwa wa Bibi Mwanaheri.

"Huyo ndiye anayeniamsha kuswali," alisema Bibi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, na hakuinua macho.

"Mama, simu itakuamsha," alisema Sultani.

"Simu ndiyo iliyotuletea haya."

"Mama, ni kwa ajili ya kazi," alisema Ziada, amepiga magoti. "Nikipata darasa, nitakununulia wengine."

"Sitaki wengine, mwanangu. Nataka kuelewa. Umesoma mwezi baada ya mwezi. Mwanangu analisha mtoto, wewe uko kwenye simu. Mimi nachota maji, wewe uko kwenye simu. Leo unaniambia mtihani umefaulu, ila kumtania Mmakua ndiko kulikokufelisha. Hiyo ni shule au ni nini?"

Ziada alikuwa na hasira ambayo hakujua amwelekezee nani. Careen hakuwa mbaya, Apolinari hakuwa mbaya, na huyu mama aliyebaki na mjukuu kila jioni alikuwa na haki ya kuuliza.

Bibi Mwanaheri alitupa ganda la ming'oko. "Mchukueni. Mmakua akishadai halafu mkamnyima, siku ya shughuli yetu atakuja kutuumbua mbele za watu. Lakini mwambie amchinje mbali, nisije nikasikia."

Walimkamata kwa shida. Alikuwa jogoo mwenye kiburi, na alimparura Sultani mkononi.

*

Alhamisi asubuhi waliteremka kwa pikipiki kutoka Newala, juu kwenye uwanda, jogoo amefungwa ndani ya kapu mapajani mwa Ziada, kichwa nje. Waliipita Masasi, wakashika njia ya Lukuledi, vumbi likiwapaka rangi moja wote watatu. Kila waliposimama mtu alitaka kumnunua yule jogoo.

"Hauzwi," alisema Sultani.

"Sasa anakwenda wapi?"

"Shuleni," alisema Sultani, na Ziada akamfinya.

Apolinari alikuwa barazani kwake akiwa amezungukwa na watoto, kila mmoja na rundo lake la korosho. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Sultani alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba kwa heshima zote. Kisha akamgeukia Ziada, ambaye alikuwa hajawahi kumwona kwa macho.

"Ndiyo wewe? Nilidhani ni mkubwa. Kumbe maneno yote yale yanatoka kwenye kijitu hiki?"

Ziada alimwekea kapu miguuni. Apolinari akalifungua, akamtazama jogoo huku na huku.

"Mmeniletea mgonjwa."

"Mzee Apolinari," alisema Ziada, na sauti ikapasuka, "Ijumaa ni kesho! Maneno yako wameyachukua kama yalivyo. Wameandika umeumia. Wameandika fidia! Nikikosa cheti kesho, kazi nimekosa. Mama mkwe amemtoa jogoo wake. Mume wangu leo hajabeba abiria hata mmoja. Na wewe umezima simu!"

Watoto waliacha kuhesabu. Apolinari alimshusha jogoo taratibu.

"Simu haina chaji," alisema. "Kumbe walikuwa wanauliza kweli?"

"Kweli!"

"Yule dada alivyoandika kwa upole, 'Je, umeumia kwa kiasi gani?' Nikasema huyu naye mtani. Mtu mwenye akili zake atamuulizaje Mmakua kama ameumizwa na Mmakonde?" Akajikuna shingo. Aibu ilimpanda usoni waziwazi, na ilimzeesha. "Nipe simu yako."

*

Walisogea kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, ambako mtandao ulishika. Apolinari aliongea na Careen kwa sauti ya juu kama mtu anayeongea na mtu wa ng'ambo ya mto. Alieleza kila kitu. Careen alimsikiliza mpaka mwisho.

"Asante, mzee. Sasa basi, yeye akuombe radhi kwa maandishi, na wewe ukubali, tufunge."

"Asiniombe radhi."

"Mzee?"

"Huyu ni mtani wangu. Akiniomba radhi kwa utani, amesema alikuwa ananichukia kweli. Mimi nikifiwa kesho nani atanichekesha? Siwezi kumkubalia."

Sultani, aliyesimama pembeni, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mzee, kubali tu, jamani! Ni maneno ya kwenye simu!"

"Hata yaliyotufikisha hapa ni maneno ya kwenye simu," alisema Apolinari.

Careen alishusha pumzi. "Tatizo si ninyi wawili pekee. Aliyelalamika yuko hewani, nimemuunganisha. Mama Nsimire, unasikia?"

Ziada alihisi kama amemwagiwa maji. Nsimire! Alikuwa amefikiria kila mtu katika duara isipokuwa yeye.

"Nasikia," ilisema sauti ya mbali. "Mama Zuhra, jambo. Ni mimi njo niliandika."

"Kwa nini hukuniuliza, dada? Si tunaongea kila siku?"

"Niliogopa. Kwetu neno ile haiko ya kucheka. Mbele ya watu kukuja na silaha, walianzaka na maneno. Waliita kabila yetu majina. Wengine walichekaka. Kisha tulikimbia, na mama yangu alibakia. Wakati nilisoma, nilizima simu. Nikasema, yule mama wa watoto, hata yeye?"

Watoto barazani walikuwa wameanza tena kuhesabu kwa kuimba. Ziada aliketi kwenye kichuguu, na vumbi lote, na kanga yake nzuri.

"Dada Nsimire," alisema, "mzee huyu simwombi radhi, na yeye hataki. Lakini wewe nakuomba. Sikujua kuwa na wewe umekaa hapo unasikiliza. Nilidhani niko nyumbani."

"Hata mimi," alisema Nsimire. "Ile kitu munaita utani, nimeisikia leo. Sina shauri tena na wewe."

"Basi tumemaliza!" Sultani alipiga makofi.

"Hatujamaliza," alisema Careen, na sasa hata upole wake ulikuwa umechakaa. "Lalamiko likishaingia halifutiki. Ili faili lifungwe leo, lazima niandike nani alianzisha. Huyo anatolewa kwenye awamu hii, mwingine anafunguliwa. La sivyo linakwenda kwenye kamati, na kamati inakaa mwezi ujao."

"Hata kama hakuna aliyekosewa?"

"Mfumo hauna hiyo sehemu, dada. Ningeiweka wapi?"

Upepo ulipita kwenye mikorosho. Kisha Apolinari akasema, "Andika mimi."

"Mzee, maneno ninayo hapa. Aliyetangulia kuandika ni..."

"Nilimpigia simu kabla, nikamchokoza. Nilimtukana Newala yote, na visima vyake. Yeye alijibu tu."

Hakuwa amepiga simu yoyote. Ziada alijua, na Careen, Msukuma aliyeolewa na Mzaramo, alijua vilevile anachosikia. Ziada alifungua mdomo aseme si kweli. Akaliona darasa la wadogo, vile viti vya rangi, akajiona anaitwa mwalimu. Akaona ndoo. Mdomo ulikaa wazi, na muda ukapita, na sauti haikutoka.

"Naandika, mzee?"

"Andika, mwanangu. Mimi sina Ijumaa."

*

Cheti kiliingia kwenye simu wakiwa hata hawajaondoka kwenye kichuguu. Kilikuwa na nembo na jina lake lote: Ziada Sultani Chilumba. Sultani alikikuza kwa vidole, akakipunguza, akakikuza tena. Apolinari naye aliomba akione. Alikisoma kwa sauti toka juu mpaka chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama baba, akairudisha simu.

"Hongera, Mwalimu. Sasa nendeni, msipitwe na jua."

Aliwasindikiza mpaka barazani. Alikuwa anazungumza na Sultani habari za barabara na bei ya korosho, kwa furaha iliyozidi kidogo. Ziada alitembea nyuma yao, na kila hatua ilimchoma. Alikuwa na alichokifuata, na alikuwa amekasirika kuliko alivyokuja. Alimkasirikia Careen na mfumo wake, akamkasirikia huyu mzee na wema wake wa kumzibia mtu pumzi, na zaidi ya wote akaukasirikia mdomo wake ulioweza kutania ukashindwa kusema neno moja la kweli.

Sultani aliwasha pikipiki. "Panda, Mama Zuhra."

Ziada hakupanda. Alipita katikati ya watoto na marundo yao, akafika kwenye mlango wa Apolinari, akaketi kizingitini. Akanyoosha miguu mpaka ikagusa mwimo wa pili.

"Vipi tena?" Apolinari akauliza.

"Sitoki."

Yule mzee alielewa mara moja, na macho yake yakabadilika. Mtani akishaziba mlango, hata maiti haitolewi mpaka apewe anachotaka. Hiyo ndiyo haki yake, na hakuna wa kumbeba kumtoa.

"Unataka nini? Jogoo wako?"

"Jogoo kula. Ujiandikishe upya. Awamu ya Januari iko wazi, nimeona."

"Mama Zuhra, mimi mtu mzima. Nimeshafukuzwa..."

"Umefukuzwa awamu hii. Na mimi nitajiandikisha tena, nisome na wewe toka mwanzo, nikusahihishe kila somo. Vibaya."

"Tunachelewa," alisema Sultani kwa kukata tamaa. "Mke wangu, watu wanapita wanatutazama."

"Wapite. Ukitaka tangulia, Baba Zuhra. Mimi nitalala hapa, na huyu bwana atapika dirishani."

Mtoto mmoja alicheka. Kisha wote wakacheka. Apolinari alisimama akikitazama kile kijitu kilichoziba mlango wake, akaguna kwa lugha ya kwao maneno ambayo hakuna aliyeyatafsiri, akanyoosha mkono.

"Lete hiyo simu, basi. Yangu haina chaji."

Alirudi kwenye kichuguu. Kwa mbali walimwona akiinama, akibonyeza, akifuta, akibonyeza tena. Hatimaye akapaza sauti:

"Wanauliza hapa, kwa nini unataka kusoma kozi hii. Niandikeje?"

"Andika ukweli!" alipaza Ziada kutoka mlangoni.

Apolinari alifikiri. Kisha akaandika kwa kidole kimoja, akilitamka kila neno kwa nguvu ili wasikie mpaka barazani:

"Kuna... mwanamke... wa Kimakonde... amekaa... mlangoni... kwangu."